Jino lililogoma kukauka: dawa ya chokaa haikushindwa, haikufika tu

Kijana wa miaka 26, jino la mbele juu kushoto, yaani 21, limekuwa kijivu, na juu yake kwenye fizi kuna kipele kidogo ambacho ameshakizoea kiasi kwamba kila asubuhi anakiminya mbele ya kioo, usaha unatoka kidogo, anafuta, anaendelea na shughuli zake. Haumwi. Hili la kutoumwa ndo lilimfanya akae nalo miaka, maana usaha ukiwa na pa kutokea presha haijengeki na mtu anaona kama hana ugonjwa. Aligongwa mdomoni akiwa na miaka 8. Kumbuka umri huo, nitaurudia.

Kabla ya kufika kwangu alikuwa ameshafunguliwa jino mahali pengine, akawekewa dawa ndani ya mzizi, akaambiwa arudi baada ya wiki mbili, hakurudi mpaka miezi minne ikapita. Aliporudi kule akaambiwa dawa ibadilishwe tena, hapo akachoka akaja kwangu. Nasema mapema kabisa: siandiki hapa kumsema daktari wa kwanza. Makosa makubwa kwenye kisa hiki ni yangu, na ndo sababu nakichambua.

Eksirei ya kwanza. Nilipitisha kijiti chembamba cha gataparcha, ule utomvu kama mpira tunaojazia mizizi, kwenye kile kipele mpaka kikagoma, nikapiga picha, kijiti kikaenda moja kwa moja mpaka ncha ya mzizi wa 21. Kwa hiyo ubishi wa jino lipi uliisha hapo. Kivuli cheusi kwenye ncha kilikuwa kama milimita 8 kwa upana. Mfereji, yaani ule uwazi wa ndani ya mzizi, mpana sana, kuta nyembamba, na ncha haijafunga vizuri. Hapa ndo ile miaka 8 inaingia: jino la mbele linaota kwenye miaka 7 hadi 8 na ncha ya mzizi wake inafunga kama miaka 3 baadaye, sasa ukigongwa kiini cha jino kikafa katikati ya hapo, mzizi unabaki vilevile ulivyokuwa siku ile, mtu anakua ila jino lake halikui naye. Nikiwa ndani, faili namba 80, kile kichuma cha kukwangulia mfereji na hii ni nene, ilikuwa inacheza tu kule ncha, haishiki popote.

Na ndani ya mfereji kulikuwa na kitu cha njano. Hiyo ni ile dawa ya chokaa iliyochanganywa na iodofomu kwenye mafuta ya silikoni, inauzwa ikiwa tayari kwenye sirinji, wengi tunaijua kwa rangi yake na harufu yake.

Ngoja nieleze chokaa kwanza kwa wasiokuwa wa fani. Kalsiamu haidroksaidi ni chokaa iliyozimwa, ndugu yake yule yule wa kupaka ukutani, ila imesafishwa. Hermann alianza kuitumia kwenye meno huko Ujerumani mwaka 1920 na mpaka leo hakuna dawa ya ndani ya mzizi iliyotumika sana kuizidi. Nguvu yake yote iko kwenye ukali wa kialkali, pH kama 12.5. Ikikutana na maji inaachia ioni za haidroksili, na hizo ndo zinazovunja utando wa bakteria, zinaharibu protini zake na DNA yake, na zinavunja pia ile sumu inayobaki kwenye maganda ya bakteria waliokufa, sumu ambayo yenyewe tu inatosha kuendeleza uvimbe kwenye mfupa. Haiyeyuki sana kwenye maji, kama gramu 1.7 hivi kwa lita nzima, na huo uvivu wa kuyeyuka ndo faida yake maana inajiachia taratibu siku nyingi badala ya kuisha siku moja.

Sasa zingatia maneno mawili hapo: ikikutana na maji, na taratibu. Kisa chote hiki kimelalia hapo.

Mara ya kwanza nilifungua, nikatenga jino kwa ule mpira, nikaanza kutoa ile ya njano. Ilikuwa inatoka kama siagi, inapaka faili, inapaka kuta. Nikaosha na hipokloraiti, dawa ya jamii ya ile ya kung'arishia nguo, ya asilimia 2.5, polepole sana, sindano yenye tundu la pembeni, milimita 3 kabla ya mwisho, maana ncha ikiwa wazi hivyo ukisukuma kwa nguvu hipokloraiti inatoka nje kwenye tishu na hiyo ni balaa lingine. Kipima urefu cha umeme kilikuwa kinarukaruka kwa sababu ya majimaji, nikapima kwa eksirei na faili ndani, nikapata milimita 21. Nikaona kuta zimekuwa nyeupe nikaridhika. Kumbe kuona hivyo kutoka juu kwa taa ya kiti na kuona kweli ni vitu viwili.

Kitu kimoja nilikiona na nikakipuuza. Wakati naosha, maji yalikuwa yanajikusanya matone matone kwenye ukuta wa tundu, hayatandazi. Mtu yeyote aliyeosha sufuria yenye mafuta anaijua hiyo hali. Niliiona kabisa, nikaendelea.

Halafu majimaji. Nikikausha kwa vijiti vya karatasi, kijiti cha kwanza kinatoka kimelowa nusu, cha pili kimelowa nusu, cha kumi kimelowa robo na ncha yake ina rangi ya njano mpauko na damu kidogo. Mfereji unaolia, ndivyo tunavyouita. Majimaji yanatoka kwenye ule uvimbe wa mfupa yanapanda juu. Nikasema sawa, hii ndo kazi ya chokaa, itaukausha. Nikaweka chokaa ya sirinji, ile ya maji safari hii, sio ya mafuta, nikaweka pamba, nikaziba kwa kizibo cha muda, nikamwambia arudi baada ya siku 10.

Sikupiga eksirei baada ya kuweka dawa. Kulikuwa na watu nje wanasubiri, ndo ukweli wenyewe.

Siku ya 10 kipele kipo. Nikafungua, pamba imelowa na ina harufu, chini yake nikakuta kitu kama maziwa yaliyoongezwa maji mengi, sio uji niliouweka. Kijiti cha karatasi kikalowa vilevile. Nikafanya nini? Nikarudia kile kile. Osha, kausha, chokaa, pamba, kizibo, wiki mbili. Nikimfikiria mtu anayerudia kitu kile kile akitegemea jibu tofauti huwa namwona wa ajabu, ila ukiwa na glavu mkononi na mgonjwa mdomo wazi unajiambia "tuipe muda", na hilo neno linasikika la kitaalamu kweli kweli.

Mara ya tatu, vilevile. Kijana akaniuliza kwa upole, "Dokta, kwa nini tusiling'oe tu?" Sikuwa na jibu zuri. Nikamwambia kaka nipe wiki moja nilifikirie.

Sasa hapa akili yangu ilikimbilia wapi? Kwenye bakteria sugu. Kuna huyu anaitwa Enterococcus faecalis, ni maarufu kwenye fani yetu kwa kuivumilia chokaa. Ana pampu ya kusukumia protoni ndani ya seli yake, kwa hiyo nje kukiwa kukali yeye ndani anajitengenezea hali yake, anaweza kuishi kwenye pH 11 na kidogo, ukifika 11.5 ndo anakufa. Na chokaa ikishaingia kwenye ukuta wa jino ile pH 12.5 inashuka, kwa sababu madini ya dentini, yaani ya ukuta huo wenyewe, yanaipunguza makali, mpaka ikifika upande wa nje wa mzizi unakuta labda 9 hivi. Kwa hiyo hesabu ilikuwa inakubali kabisa: bakteria sugu, jino la miaka mingi, chokaa imeshindwa, tubadilishe, tuchanganye na klorheksidini, dawa nyingine ya kuua bakteria. Nilishaandika kabisa kwenye faili la mgonjwa kwamba mara ijayo nitabadilisha dawa.

Jioni nikakaa na picha zake zote. Picha ya kabla ipo. Picha ya kupima urefu ipo. Picha ya dawa ikiwa ndani, hakuna hata moja. Mara tatu naweka dawa na sijui ilifika wapi. Nilikuwa nahukumu dawa ambayo sina ushahidi kwamba iliwahi kufika kwenye eneo la tukio.

Kwa hiyo mara ya nne nilifanya kitu ambacho mgonjwa alikiona cha ajabu. Nilimweleza kabisa, nikasema leo naweka kama nilivyokuwa naweka, sibadilishi chochote, napiga picha, halafu naitoa. Ile ya sirinji ina bariamu salfeti ndani yake hivyo kwenye eksirei inaonekana nyeupe vizuri. Picha ikaja. Mstari mweupe unashuka vizuri, unafika katikati ya mzizi, unakuwa na tundu la hewa, unaendelea kidogo, unaisha. Kutoka unapoishia mpaka ncha ya mzizi ni kama milimita 6. Milimita 6 za chini, ambako ndiko ugonjwa uliko, hakuna kitu. Msaidizi wangu aliangalia kioo akasema, "Dokta, si mlisema mmejaza?"

Kwa nini iliishia pale? Nimekaa nikazipata sababu kama nne na hazina uzito sawa.

Ya kwanza, woga wangu. Ncha iko wazi, nikawa naogopa dawa isitoke nje, basi nikawa naingiza sindano mpaka katikati tu nasukuma kidogo natoa. Woga wenyewe sio wa kijinga. Chokaa ikitoka nje ya ncha kwa wingi inaunguza tishu, na kwa meno ya chini ya nyuma ambako mshipa wa fahamu wa taya unapita karibu na mizizi, kuna watu wamepata ganzi ya mdomo ya kudumu kwa sababu ya dawa iliyosukumwa kwa presha. Kwenye jino lile la chini ningebaki na woga wangu na nisingejilaumu. Lakini hapa ni jino la mbele la juu, na kati ya kusukuma ovyo na kutofika kabisa kuna njia ya kati ambayo sikuitafuta.

Ya pili, hewa. Mfereji mpana ukisukumia uji kutokea juu, hewa inabanwa chini haina pa kwenda, uji unakaa juu yake kama kizibo. Ilitakiwa sindano ishuke chini kwanza halafu nijaze huku nairudisha juu.

Ya tatu, majimaji yenyewe. Yanapanda kila saa, na kile kidogo kilichofika yanakisafisha. Ule uji wa sirinji ni mwepesi, umetengenezwa upite kwenye sindano nyembamba, sasa kwenye mfereji unaolia uji mwepesi ni kama kupaka rangi ukuta unaovuja.

Ya nne ndo iliniumiza, yale mafuta. Niliingia na hadubini safari hii, ya kwanza kwenye kisa hiki na sina utetezi kwa hilo, nikakuta ukuta wa upande wa ndani, theluthi ya chini, una utando wa njano unaong'aa. Silikoni. Dawa za mafuta zinajulikana kwa ugumu wa kuzitoa kuliko zile za maji, hili sio geni, ila nilikuwa nimeshajiridhisha. Ioni za haidroksili zinasafiri kwa maji. Ukiweka mafuta kati ya chokaa na ukuta wa jino umeweka pazia. Na hata ile ya njano yenyewe, miezi minne iliyokaa mle, ilikuwa inaachia ioni kidogo sana kwa sababu hiyo hiyo. Mimi binafsi nikitaka makali siitumii ile ya mafuta kwenye jino la mtu mzima. Kwenye meno ya utoto ina kazi yake nzuri kwa sababu inanyonywa na mwili pamoja na mzizi, huko sina ugomvi nayo.

Na kulikuwa na la tano ambalo nililigundua kwa bahati. Nilipotoa kizibo changu cha muda nilikipima, kilikuwa na unene wa milimita 2. Pamba ilikuwa kubwa imekula nafasi yote. Kizibo cha aina ile kinahitaji angalau milimita 3.5, chini ya hapo mate yanapita, na tena kulikuwa na unyuzi mmoja wa pamba umenasa pembeni ukitokeza juu kama utambi wa taa. Mate yanaufuata huo huo unyuzi mpaka ndani. Kwa hiyo wakati nahangaika na majimaji kutoka chini, mengine yalikuwa yanaingia kutoka juu na bakteria wake. Ile harufu ya pamba nilipaswa kuisoma tangu siku ya 10.

Basi tukaanza upya siku hiyo hiyo. Kazi ya kusafisha ilichukua karibu saa nzima. Faili kubwa ya mkono, sio ya mashine, kwa sababu kwenye mfereji mpana wa umbo la mviringo uliobonyea mashine inazunguka katikati tu haigusi pembeni. Nikawa nakwangua ukuta mmoja baada ya mwingine kwa upole maana kuta zenyewe nyembamba. Halafu ncha ya ultrasoniki, ile inayotetemeka kwa kasi, ikiwa ndani ya hipokloraiti, sekunde 20, badilisha maji, sekunde 20, badilisha, halafu EDTA, kioevu cha kuondoa mabaki yenye madini ukutani, ya asilimia 17 kwa dakika moja, halafu tena. Nilijua nimefika pale maji yalipoanza kutandaza kwenye ukuta badala ya kukaa matone. Hicho tu ndo kipimo nilichokitumia na sasa nakiangalia kila mara.

Majimaji nikayaacha yatoke. Nilikaa kama dakika 15 naosha kwa maji ya chumvi, nasubiri, nanyonya, bila haraka, mpaka yakawa yanapanda polepole.

Chokaa safari hii nilichanganya mwenyewe, unga safi na maji ya chumvi, mzito kabisa mpaka ukawa kama dongo, ukiugeuza ubao hauanguki. Nitoke pembeni kidogo hapa kuhusu unga: chupa ya unga wa chokaa ukiiacha wazi wazi inanyonya kaboni dioksaidi ya hewani na kugeuka kalsiamu kaboneti, ambayo kwa bakteria ni vumbi tu. Kwa macho huwezi kuona tofauti, nyeupe ni nyeupe. Weka tone la asidi ya sitriki kwenye unga kidogo, ikitoa mapovu ujue imeshaanza kugeuka. Chupa yetu ya zamani, ambayo kifuniko chake kilikuwa kimepasuka, ilitoa mapovu ya kutosha, tukaitupa tukafungua mpya. Ile ya zamani sikuitumia kwa huyu kijana, sijui ilitumika kwa nani na nani, bora nisijiulize.

Dongo nikalibeba vipande vidogo vidogo kwa plaga, kifaa cha kushindilia, yenye alama ya urefu, milimita 1 kabla ya ncha, nabonyeza kidogo, naongeza. Kisha nageuza kijiti cha karatasi, upande mnene chini, nabonyeza nacho, kinanyonya maji na kusogeza chokaa kwa pamoja. Ukirudia hivyo mara nne tano chokaa inashikana kweli.

Picha. Hii picha nimeitunza. Unga mtupu bila bariamu unaonekana kwenye eksirei karibu sawa na dentini, kwa hiyo ukijaza vizuri mfereji unapotea, unaona jino kama halina mfereji kabisa. Na ndivyo ilivyokuwa, mfereji mpana ule umepotea wote mpaka ncha, na nje ya ncha kuna kipunje kidogo kama milimita 1 kimetokeza. Nikaziba, kipande kidogo cha sponji badala ya pamba, kizibo cha muda milimita 4, juu yake glasi ayonoma, saruji ya kuzibia meno.

Usiku ule alinipigia. Jino linagonga kama moyo. Nilimtarajia, nilishamwambia kwamba huenda likauma siku mbili kwa sababu ya kile kipunje, akameza ibuprofen, siku ya tatu likatulia. Kipunje kidogo cha namna hiyo mwili unakinyonya wenyewe. Lakini nikiri kwamba ukimwambia mtu aliyekaa miaka bila maumivu kwamba sasa akiumwa ndo dalili nzuri, anakuangalia jicho la pembeni.

Siku ya 9 akanitumia picha ya fizi. Kipele kimenywea. Siku ya 14 hakipo, pamebaki doa jekundu tu.

Nilimpa wiki 3 kabla ya kufungua. Kuna watu wataniuliza kwa nini wiki 3 na sio wiki moja, maana kazi ya Sjögren na wenzake ya mwaka 1991 ndo inayonukuliwa kila mahali, kwamba siku 7 zinatosha kuua bakteria kwenye mfereji na dakika 10 hazifui dafu. Ni kweli siku 7 zinatosha kwa bakteria walio kwenye mfereji uliosafishwa. Ila ioni kupenya dentini mpaka upande wa nje kunachukua muda zaidi, na kilele chake kule nje kinakuja wiki ya pili ya tatu. Na hapa sikuwa natafuta kuua tu, nilikuwa natafuta kukausha. Kwa jino la kawaida lisilolia siku hizi wengi wanamaliza mara moja bila kuweka dawa, na tafiti za kulinganisha kumaliza mara moja na mara mbili hazijaonyesha tofauti ya maana kwenye uponaji. Sina shida na hilo. Ila mfereji unaolia haukupi uchaguzi, huwezi kuziba kitu kilicholowa.

Wapo pia wa upande wa pili, wanaosema ungeacha chokaa mwaka mzima ncha ijifunge yenyewe. Hiyo ni njia ya zamani, ya tangu miaka ya 1960, na inafanya kazi, ukuta mgumu unajijenga kwenye ncha baada ya miezi 6 mpaka 18. Shida ni jino lenyewe. Andreasen na wenzake mwaka 2002 walijaribu kwa meno ya kondoo wakaona kadiri chokaa inavyokaa ndani jino linapoteza uimara, wakakadiria kwamba baada ya mwaka hivi limebaki na nusu. Na Cvek alikuwa ameshaonyesha mwaka 1992 jinsi meno haya ya mizizi michanga yanavyovunjika shingoni. Kijana wangu ana kuta nyembamba tayari, na kumbuka miezi minne ilishaliwa na ile ya njano. Nimwachie mwaka tena ili apate ncha iliyofunga na jino lililokatika? Hapana.

Wiki ya 3 nafungua. Glasi ayonoma ipo, kizibo kipo, sponji kavu, haina harufu. Chokaa ya juu ngumu kama chaki, ya chini imelainika kidogo ila ipo. Nikatoa yote, ultrasoniki na EDTA tena, kwa sababu mabaki ya chokaa ukutani yanazuia gundi ya kuzibia isishike, na ukitumia gundi ya zinki oksaidi na yujenoli ndo mbaya zaidi, inaganda haraka na inakuwa ya kubomoka. Kisha kijiti cha karatasi. Kikashuka mpaka milimita 21, nikahesabu mpaka kumi, nikakitoa. Kikavu. Nilikikunja kati ya vidole kikakatika, kijiti kilicholowa hakikatiki hivyo.

Nikaweka MTA, saruji maalumu ya kuziba ncha ya mzizi, kwenye ncha, unene wa milimita 4, pamba yenye maji juu yake ili igande, akarudi baada ya siku 2 nikajaza juu gataparcha ya moto na kufunga kwa kompositi mpaka chini ya shingo ya jino ili kuipa nguvu pale panapovunjika.

Klorheksidini sikuitumia kabisa. Ile sentensi niliyoandika kwenye faili lake, "badilisha dawa", nimeikata mstari mmoja na pembeni nimeandika "piga picha". Kama ningebadilisha dawa siku ile, kwa bidii ile ya kusafisha ambayo ingekuja na dawa mpya, huenda jino lingekauka vilevile, na leo ningekuwa nawaambia watu kwamba Enterococcus ndo alikuwa tatizo na klorheksidini ndo mwokozi. Sijui kuna visa vingapi vya namna hiyo vimetufanya tuamini tunayoyaamini. Mpaka leo sikupima bakteria wa jino lile, kwa hiyo siwezi hata kusema Enterococcus hakuwepo. Nachojua ni kwamba dawa ile ile, chokaa ile ile ya kalsiamu, ilishindwa mara tatu ikiwa milimita 6 kutoka kwenye kazi yake na ikafanya kazi ndani ya wiki mbili ilipogusa.

Miezi 6, kivuli kimepungua, pembezoni mwake mfupa unaanza kuonekana na vile vinyuzi vyake. Kipunje cha chokaa nje ya ncha hakionekani tena. Miezi 12, kimebaki kivuli chembamba kama ukucha kuizunguka MTA, jino halitikisiki, ukiligonga halimuumi. Nimempangia tena mwakani maana kivuli kikubwa hivi kinaweza kuchukua mpaka miaka 4 kupotea na sitaki kusema limepona kabla halijapona. Yeye shida yake sasa ni moja tu, jino bado la kijivu, na tumekubaliana tulifanyie weupe kutokea ndani mwezi ujao.